Kinyago cha Geneva

Tarehe 10 Mei 2010, jijini Paris, kinyago kimoja cha Kimakonde kilipata ruhusa ya kurudi nyumbani. Hati zilitiwa saini chini ya usimamizi wa Baraza la Kimataifa la Makumbusho, ICOM. Upande mmoja Serikali ya Tanzania, upande wa pili Makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva, Uswisi. Kinyago kilikuwa kimetoweka tangu 1984, wezi walipovunja Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam na kuondoka na vitu 17. Mwaka uliofuata Barbier-Mueller walikinunua Paris. Mwaka 1990 profesa wa Chuo Kikuu cha Perugia, Italia, Enrico Castelli, akawafahamisha kwamba kitu walichonacho ni mali ya wizi.

Tangu kugundulika hadi kurudi ni miaka 20. Mtoto wa kiume aliyezaliwa Newala mwaka ule wa 1990 aliingia jandoni, akasoma, pengine akaoa, na kinyago bado kiko Geneva.

Wengi wetu tukisikia kisa hiki huuliza: mtu akikutwa na mali ya wizi, si anyang'anywe tu? Sheria za Ulaya hazikuwa na haraka hiyo. Mkataba wa UNESCO wa 1970, unaopiga vita biashara haramu ya mali za utamaduni, Tanzania iliuridhia mwaka 1977. Ufaransa iliuridhia 1997, Uswisi 2003. Kinyago kilinunuliwa 1985, wakati si nchi kilikouzwa wala nchi kilikopelekwa iliyokuwa imefungwa na mkataba huo, na mkataba haurudi nyuma. Tena sheria ya Uswisi ya wakati ule ilimpa mwenye mali iliyoibwa miaka mitano tu ya kuidai kwa mtu aliyeinunua kwa nia njema. Sheria mpya iliyoanza kutumika 2005 ndiyo iliyosogeza muda huo hadi miaka 30 kwa mali za utamaduni. Tanzania ikalipeleka shauri UNESCO mwaka 2006, ICOM ikashika usuluhishi, na mwisho makumbusho ya Geneva yakakitoa kinyago kama zawadi. Ndiyo, zawadi. Wapo waliokasirika. Mimi naona serikali ilifanya vyema kukipokea kwa jina lolote walilotaka kulipa tendo hilo, maana kugombea jina kungetugharimu miaka mingine.

Kinachonikera mimi, mtu wa Kusini, kiko mahali ambapo mawakili wa Paris hawakuwa na sababu ya kupagusa. Kinyago kile kilirudi kwa sababu kiliibwa makumbusho. Kingeibwa kijijini, kwenye kibanda kilicho nje kidogo ya Tandahimba au Kitangari, mpaka leo kingekuwa Geneva, kimewashiwa taa nzuri, wala hakuna profesa ambaye angeandika barua. Na si kwa ubaya wa mtu yeyote. Mkataba wenyewe unasema hivyo. Kifungu chake cha 7 kinakataza kuingiza nchini kitu kilichoibwa makumbusho au mahali pa ibada au pa umma, ilimradi kitu hicho kimo kwenye orodha ya mahali hapo. Kisichokuwa na orodha kimebaki nje ya mlango. Hicho ndicho kifungu ninachotaka tukae nacho, maana karibu kila kitu chenye thamani tulichonacho huku, kuanzia uwanda wa Makonde mpaka pwani ya Msimbati, hakimo kwenye orodha yoyote.

Nieleze kwanza kinyago cha namna hii kwa msomaji ambaye hajawahi kukisogelea. Upande wetu wa mto Ruvuma vingi ni vya kufunika uso, watu huviita midimu. Upande wa Msumbiji, na kwa Wamakonde waliotoka huko, kuna lipiko, ambalo huvaliwa kichwani kama kofia ya chuma ya askari na kumeza kichwa chote. Asiyejua hudhani vimechongwa kwa mpingo. Mpingo ni wa sanamu za kuuza. Ukivaa mpingo kichwani hutacheza hata robo saa. Lipiko ni la mti mwepesi, kuta zake zimepunguzwa kwa kisu kidogo hadi zikawa nyembamba, na uso umechongwa kwa subira ya kutisha: kope, pua, mdomo wa juu wenye ndonya kama ni mwanamke wa zamani, na nembo za mashavuni ambazo mara nyingi huwekwa kwa nta ya nyuki iliyotiwa weusi. Nywele ni za binadamu kweli. Zimekatwa kichwani mwa mtu na kubandikwa moja moja au kwa mafungu. Mchezaji haoni kwa macho ya kinyago. Huona kupitia mdomo.

Mgeni akiletewa kinyago hutazama uso. Mzee aliyewahi kukicheza hukigeuza na kutazama ndani. Ndani ndiko kwenye cheti chake. Panapogusa paji la uso mti umelainika kwa jasho, una rangi ya mafuta, na pembezoni kuna vitobo vya kufungia kitambaa cha kuficha shingo, vimetanuka kwa kuvutwa miaka na miaka. Uso unaweza kughushiwa kwa mwezi mmoja. Jasho la wanaume watatu waliopokezana kinyago halighushiwi kirahisi, ingawa, kama nitakavyosema mbele, watu wamejaribu.

Sasa, mchezaji huyo anapotoka akiwa amefungwa nguo mwili mzima asionekane hata ukucha, njuga zikilia, yeye si fulani bin fulani. Ni mtu aliyetoka kwa wafu. Wanawake na watoto hukimbia, hurudi, hucheka, hukimbia tena. Jandoni mvulana hufunuliwa kwamba chini ya mti ule kuna mjomba wake, na hulishwa yamini asimwambie mama. Na mama, ukweli usemwe, anajua. Lakini kujua kwake nako ni siri, na adabu ya ngoma nzima imesimama juu ya watu wote kukubaliana kutosema. Kwa hiyo kinyago hulala mbali na macho. Hakipigwi picha, hakitajwi ovyo. Siri ndiyo iliyokuwa kufuli yake kwa miaka yote hiyo, na ilikuwa kufuli nzuri sana dhidi ya jirani.

Dhidi ya dalali wa kutoka Dar es Salaam kufuli hiyo inageuka kuwa ya mwizi. Chukua mkulungwa mmoja, mzee mwenye ngoma, ameamka asubuhi kakuta kibanda kimefunguliwa na kinyago hakipo. Aende kituo cha polisi? Askari wa zamu, pengine mwanamke, pengine kijana wa Mwanza ambaye hajui jando ni nini, atachukua kalamu na kuuliza: kitu gani kimeibwa, kina umbo gani, kinatumika kwa kazi gani, thamani yake kiasi gani, una picha? Kila jibu ni kuvunja kiapo. Mzee atasimama pale kaunta, atasema ameibiwa kuku, au atarudi nyumbani kimya. Ndiyo maana ukiulizia takwimu za wizi wa vinyago uwandani utaambiwa hakuna wizi. Hakuna taarifa ya wizi. Hayo ni mambo mawili.

Nimesema wizi, lakini mara nyingi hakuna aliyevunja mlango. Mnyororo wa biashara hii huanza kwa mtu mwenye shida. Mzee amefariki, mwanawe au mpwa wake ameachiwa mfuko wa gunia juu ya dari. Yeye ameshaokoka, au ameambiwa msikitini kwamba vitu hivyo ni ushirikina, au hana habari navyo kabisa. Korosho bado hazijaanguka, malipo ya mnada ni ya miezi ijayo, mtoto anadaiwa michango shuleni. Anakuja mtu kwa bodaboda, ana picha kwenye simu: "Mzee, huna kitu cha zamani kama hiki?" Analipa noti chache, na kwa siku ile noti hizo ni nyingi. Kinyago kinashuka Mtwara, kinapanda basi la Dar es Salaam ndani ya begi la nguo. Kuanzia hapo kila mkono kinaoupitia huongeza bei na kupunguza habari. Jina la marehemu hupotea kwanza, kisha kijiji, kisha wilaya. Kikifika Brussels au Paris kimebakiza neno moja, Makonde, na chini yake kwenye katalogi huandikwa kwamba kinatoka kwenye mkusanyo binafsi wa Ulaya. Mnunuzi wa mwisho ana nia njema kweli. Kila kitu ambacho kingemtia shaka kimeshafutwa na waliotangulia.

Soko hilo lina historia yake. Kwa muda mrefu wakusanyaji wa Ulaya walitazama Kongo na Afrika Magharibi, wakaamini kwamba Tanzania haina uchongaji wa zamani wa kusumbukia. Mwaka 1994 maonyesho makubwa ya sanamu za Tanzania yalifanyika Berlin na Munich, yakatolewa kitabu kinene chenye picha za kupendeza. Waliofanya kazi ile walituheshimu. Lazima niseme hivyo. Ila kitabu cha picha nzuri ni pia orodha ya kutafutia. Katika mji ambao tajiri anaulizia kitu fulani, hakikosi kupatikana.

Na wachongaji hawakulala. Walipotambua kwamba kinyago kilichokolea moshi kinalipwa mara kumi ya kilichong'aa, wakaanza kuvizeesha. Kuna wanaovitundika juu ya moto wa jikoni, kuna wanaovifukia karibu na kichuguu mchwa wavitafune kidogo, kuna wanaovipaka mafuta kwa ndani na kuvivaa shambani ili vipate jasho. Mtu anayenunua huko ughaibuni kinyago cha miezi mitatu akidhani ni cha karne iliyopita, mimi sina machozi ya kumlilia. Nasema zaidi: vinyago hivyo vya uongo vimeokoa vya kweli vingi. Kila kimoja kinachouzwa kimechukua nafasi ya kimoja kilichobaki juu ya dari.

Hatukuanza jana kupoteza, bila shaka. Mwaka 1906, moto wa Majimaji haujapoa, Mjerumani Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alishuka Lindi. Nia yake ya awali ilikuwa kwenda kaskazini. Ghasia za huko Irangi ndizo zilizomgeuzia njia. Akapita Masasi, Newala na Mahuta akiwa na fonografu, mashine ya kupigia picha za sinema na msafara wa wapagazi, na alipoondoka aliondoka na mamia ya vitu. Alinunua, kitabu chake cha 1908 hakifichi. Bei ya haki ni ipi, lakini, katika Kusini iliyotoka kuchomewa maghala na jeshi la nchi ya mnunuzi? Miaka mitatu baadaye, 1909, wakaanza kuchimba Tendaguru, jirani zetu wa Lindi. Hadi 1913 mifupa ya mijusi ya kale, tani zaidi ya 200, ilibebwa vichwani hadi bandarini. Mkubwa wao amesimama Berlin tangu 1937, kimo zaidi ya mita 13, na Bungeni kwetu ameuliziwa zaidi ya mara moja.

Huwa nacheka peke yangu ninapokutana na vijana wenye masururu karibu na maboma ya zamani, wanatafuta hazina ya Mjerumani. Wana ramani za kuchora kwa mkono, wana mganga, wana habari za uhakika za rupia na dhahabu zilizofukiwa wakati wa vita. Mjerumani hakutuachia hazina. Ile aliyoichukua, lakini, aliiandika kwa mpangilio mzuri, na wakati wowote tukitaka kujua nini kilitoka Newala mwaka 1906 tutaanzia kwenye madaftari yake. Aliyebeba ana kumbukumbu kuliko aliyebebewa. Hili ni jambo la aibu kwetu zaidi kuliko kwake.

Kuna kisa cha Kenya ambacho kila diwani wa mkoa huu angepaswa kukisoma. Wamijikenda husimamisha vigango, nguzo za mti zilizochongwa, kwa ajili ya wazee wa chama cha Gohu waliofariki. Ndani yake hukaa roho ya marehemu, na kigango hakihamishwi. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja amesimama karibu na vigango viwili alivyowasimamishia nduguze. Muda mfupi baadaye vikaibwa. Mwaka 1999, kwenye mkutano wa wataalamu huko Marekani, mwenzake Linda Giles alikuwa akionyesha slaidi za vigango vilivyomo kwenye makumbusho ya nchi hiyo, na Udvardy akakitambua kimoja. Kilikuwa Illinois, cha pili kikaonekana Virginia, katika Chuo Kikuu cha Hampton. Mwaka 2007 vyote viwili vilikuwa vimerudi kwa familia ile ile. Kwa nini? Kwa sababu ya picha moja, iliyopigwa bila nia ya kuwa ushahidi.

Linganisha na vigango 30 vya makumbusho ya Denver. Makumbusho yenyewe yaliamua kuvirudisha, bila kulazimishwa na mtu. Vilifika Nairobi 2019, vikakwama forodhani uwanja wa ndege kwa sababu ya kodi, na hata kodi ingesamehewa siku ya kwanza, swali lingebaki: virudi wapi? Hakuna aliyejua vilitoka kwenye boma la nani. Havikuwa na picha. Vimerudi Kenya, havijarudi nyumbani.

Kwetu kuna mkorogo wa ziada, nao ni mto. Ruvuma kwa Wajerumani na Wareno ulikuwa mpaka, na hapo kwenye mdomo wake waligombania hata kipande cha Kionga, Mjerumani akikitwaa 1894 na Mreno akikirudisha 1916. Kwa Mmakonde ni mto wa kuvuka. Vita vya ukombozi vya Msumbiji, 1964 hadi 1974, vilileta maelfu upande huu, na wachongaji na ngoma zao humo humo. Tangu Oktoba 2017 mkoa wa Cabo Delgado wa Msumbiji unaungua tena kwa vita, na Oktoba 2020 moto ulivuka hadi Kitaya, ng'ambo yetu hii. Anayekimbia hubeba mtoto na sufuria. Kinachobaki kwenye kibanda kinaungua au kinaokotwa, na kilichookotwa hakina pasipoti. Kikija kuonekana mnadani Ulaya, nani akidai: Dodoma au Maputo? Muuzaji anaweza kuandika Tanzania leo na Msumbiji kesho, kufuatana na nchi ipi imeamka. Serikali hizi mbili zinaweza kukubaliana kwamba kitu cha Kimakonde kikidaiwa na mmoja, mwingine hatampinga. Nani akae nacho, watazungumza wenyewe kikisharudi.

Niondoke kwenye vinyago nishuke pwani, maana huko hasara haina hata siri ya kujisingizia. Mikindani, kilomita chache kabla ya kufika mjini Mtwara, ni mji wa kale wa mawe na chokaa. Livingstone alianzia hapo safari yake ya mwisho mwaka 1866. Boma la Wajerumani la 1895 limekarabatiwa vizuri na ni hoteli yenye bustani. Shuka chini ya boma, uingie mitaani. Nyumba za wafanyabiashara wa zamani zina kuta za mawe ya matumbawe na dari za boriti za mikoko, na baadhi bado zina milango yake: fremu yenye mnyororo uliochongwa kuizunguka, kizingiti cha juu chenye maua, mfaa katikati uliosimama kama mlinzi, komeo na tumbuu vya chuma vilivyoliwa na kutu ya bahari. Pita kiganja chako juu ya mfaa, kwenye kimo cha bega la mtu. Mchongo hapo umelala kabisa, mti umekuwa laini kama sabuni, kwa sababu hapo ndipo kila anayeingia amekuwa akishika tangu nyumba ijengwe.

Kwingine utakuta nyumba ina tundu mahali pa mlango. Kuuza mlango si sawa na kuuza kitanda. Fremu nzito ile ndiyo inayoshika mawe ya juu. Ukiing'oa, chokaa inaanza kudondoka, mvua inaingia, na baada ya masika machache ukuta mzima unakaa chini. Anayenunua mlango kwa ajili ya hoteli au jumba la mtu amenunua pia kuanguka kwa nyumba, ila hiyo haimo kwenye risiti.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba mlango huo tayari unalindwa. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavitaja kwa jina milango na fremu za mbao zilizochongwa Tanganyika kabla ya 1940 kwa mitindo ya Kiafrika au ya mashariki. Hakuna haja ya waziri kuutangaza mmoja mmoja. Unalindwa kwa kuwepo kwake, na kuusafirisha nje ya nchi bila kibali ni kosa. Ni sheria nzuri, iliandikwa na watu waliojua nini kitauzwa. Kilichokosekana ni mtu wa kupita na daftari. Askari wa bandarini akifungua kontena akakuta mlango, atajuaje kwamba ni wa nyumba ya tatu kutoka msikitini na si wa karakana ya juzi? Hapo karibu, tangu mwaka 2000, tuna Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, yenye mipaka, walinzi na kanuni za nani avue wapi kwa wavu gani. Serikali imejua kulinda tumbawe lililo majini. Tumbawe lililojengewa nyumba nchi kavu halina mgambo.

Kuandika si kazi ya wataalamu wa mbali. ICOM wana utaratibu uitwao Object ID, ulioanza 1997, na ukiusoma utaona ni maswali ambayo karani yeyote wa kijiji anaweza kuyajibu: kitu gani, cha mti gani au chuma gani, kipimo chake, kina alama gani ya pekee, ufa, kiraka, maandishi, na picha zake, moja ikiwa na rula pembeni. Shirika la polisi la kimataifa, INTERPOL, lina kanzidata ya vitu zaidi ya 50,000 vilivyoibwa duniani, na tangu 2021 ipo programu ya simu, ID-Art, ambayo mtu wa kawaida anaweza kuitumia kutafuta humo. Simu ile ile aliyonayo dalali. Ila kanzidata hiyo inapokea kilichopigwa picha. Kisichopigwa hakina pa kuingilia.

Najua wazee watauliza, na wana haki: na siri? Hilo nimelijadili na wakulungwa zaidi ya mmoja, na sikukuta mtu aliyefunga mlango. Tuna desturi ya wasia. Wasia huandikwa, hutiwa saini na mashahidi, hufungwa, na hakuna anayeusoma mpaka mwenyewe afe. Vipimo na picha za kinyago vinaweza kulala kwenye bahasha ya namna hiyo, iliyofungwa kwa lakiri, nakala moja kwa mwenye ngoma na nyingine Makumbusho ya Taifa, isifunguliwe ila siku kinyago kinapopotea, na ikifunguliwa ifunguliwe na mwanamume aliyepita jandoni. Australia makumbusho yao yana vyumba vya vitu vya siri vya wenyeji ambavyo si kila mfanyakazi huruhusiwa kuingia. Hawakuona ni jambo la kuchekesha. Sisi tuone haya gani?

Naona hatari yake pia. Orodha ikivuja, inakuwa kile kitabu cha 1994, ramani ya wezi. Kwa hiyo nisingependa kuiona kwenye tovuti, wala kwenye ofisi ambayo kabati lake halifungi. Makumbusho ya Taifa yana nyumba Dar es Salaam, Arusha, Butiama na Songea. Kwa mtu wa Mtwara hata ya karibu, ile ya Dar es Salaam, ni safari ya siku nzima kwa basi. Mkoa wa Wamakonde, ambao kinyago chao kiliwasumbua UNESCO na ICOM, unastahili chumba chake chenye kabati la chuma, hata kabla ya jengo la vioo.

Lakini tusisubiri chumba. Mlango wa Mikindani hauna kiapo cha jando. Uko barabarani, kila mtu anauona. Halmashauri ya Manispaa ya Mtwara-Mikindani ina maofisa utamaduni, mji una shule za sekondari, na wanafunzi wana simu. Nawaomba wahusika wawatoe vijana hao kwa wiki moja wakiwa na rula na daftari, wapite nyumba kwa nyumba kwa idhini ya wenyewe, wapime kila fremu na kila mfaa, waandike, wapeleke nakala Idara ya Mambo ya Kale. Nawe msomaji, kama kwenu kuna kitu cha babu, kipige picha leo, uso na ndani, uandike nyuma jina la aliyekuwa nacho na kijiji chake. Kazi ya Mikindani ianze kabla ya mvua za Desemba.